Naomba ushauri: elimu ya uchaguzi wa mtaa bila kuonekana ni wa chama

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, Pasua. Mimi na wenzangu wa kikoba tunataka kuanza kuwaelimisha majirani kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa. Ule wa Novemba 27, 2024 uliniuma sana: watu wengi hapa waliamini kadi ya mpiga kura inatosha, hawakwenda kujiandikisha. Kumbe kadi ile ni ya Daftari la Kudumu la Tume ya Uchaguzi, la kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa mtaa husimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa), na una orodha yake ya wakazi. Na mwenyekiti wa mtaa ndiye tunayemfuata kwa barua ya utambulisho, migogoro ya mipaka, kila kitu!

Shida ni kwamba mgombea lazima adhaminiwe na chama, kwa hiyo ukigusa habari hizi tu unaulizwa umetumwa na nani. Mama mmoja ameshajitoa kwa hofu.

Waliowahi kufanya kazi hii, hasa Arusha na huku Kilimanjaro: kibali mliombea wapi? Tuanzie kwa mtendaji wa mtaa au halmashauri? Na uchaguzi ujao, 2029, ni mbali, watu mliwavutaje mapema?