Mtwara mjini: watu wazima tunapimwa uzito kila mwezi, lakini hakuna anayejua kama tunanenepa

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mama yangu anahudhuria kliniki ya presha na sukari kwenye kituo kimoja hapa mjini. Wiki iliyopita niliingia naye chumbani. "Panda mama," nesi akamwambia. Mizani iko juu ya zulia la plastiki lililokunjamana, unaiona kabisa inacheza. Bimkubwa akapanda na viatu vyake, mtandio, na kipochi begani. Kilo 91. Ilipofika sehemu ya urefu, nesi akamtazama juu hadi chini, akaandika 160. Hakumsimamisha popote. Kwa macho tu!

Nilipomrudisha nyumbani nikamwambia avue viatu, nikamsimamisha kwenye fremu ya mlango, visigino vimegusa mbao, nikaweka daftari gumu juu ya kichwa na kuchora alama kwa penseli. Sentimita 153. Nimerudia mara tatu, ni 153.

Kuna mtu atasema sentimita saba ni kitu gani. Hesabu ya kujua kama mtu amenenepa kupita kiasi (BMI) ni kilo gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipata 25 na kuendelea uzito umezidi, ukifika 30 ni kiribatumbo, yaani unene uliokithiri. Sasa, daftari zake za zamani anazitunza chini ya godoro. 2017 alikuwa na kilo 68, 2019 kilo 76. Kwa urefu wa kubuni wa 160, ile 76 inatoa 29.7, yaani bado hajavuka. Kwa urefu wake wa kweli inatoa 32.5. Kwa hiyo mama yangu alikuwa na kiribatumbo tangu 2019 na hakuna aliyemwambia. Majirani walimwambia amependeza, mwili umekubali. Sasa hivi hesabu yake iko karibu 39, na magoti yamegoma kupanda ngazi tatu za mlangoni.

Zaidi ya kilo 20 zimeongezeka mbele ya watu waliokuwa wanaziandika kila mwezi. Kila nesi anafungua ukurasa mpya, anaandika namba, anafunga. Hakuna anayerudi ukurasa wa nyuma. Daftari likijaa tunanunua lingine, na lile la zamani ni juu yetu wenyewe kulitunza.

Mtoto mchanga ana kadi. Uzito wake unawekwa nukta, nukta zinaunganishwa, mstari ukishuka kutoka kijani kwenda kwenye kijivu mama anaulizwa nyumbani mnakula nini. Mtu mzima wa miaka 60 hana hata mstari mmoja. Kwa nini?

Msiniambie tuna takwimu za taifa. Ninazijua. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, kutoka asilimia 22 mwaka 2010. Kazi nzuri, walipima kwa vifaa na kimo wakachukua. Lakini mama yangu wakati ule alikuwa na miaka 56. Na baba zetu wenye vitambi hawamo kwenye asilimia hiyo. Wala haikuambii kitu kuhusu kata zetu za hapa mjini kama Chikongola au Shangani, ambako watu wametoka Newala na Tandahimba, kule walikuwa wanatembea kwenda kwenye mikorosho na kurudi, hapa wanapanda bajaji kwenda sokoni na jioni ni chipsi mayai na soda.

Halafu kuna yale mabanda ya kupima bure siku za maadhimisho. Wanaokuja ni wale ambao tayari wanajihisi wagonjwa, au wenye nafasi siku hiyo. Huwezi kuchukua namba zile ukasema mji umenenepa au umepungua. Na kuulizana kwa mdomo ndiyo kabisa, watu wanajipunguzia kilo na kujiongezea urefu.

Ninachodai hakihitaji mashine ya mamilioni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, wenyeviti wa mitaa wapo. Wachague kaya kwa bahati nasibu katika kila kata, wapime wanaume na wanawake, wazee wakiwemo, viatu nje, mizani ile ile kwenye sakafu ngumu, kimo cha kweli, na kiuno kwa futi kamba. Wajawazito wawekwe kando. Baada ya miaka miwili warudi wapime vile vile. Na kliniki zetu, kimo cha mtu mzima kipimwe mara moja kwa usahihi, kiandikwe kwenye jalada linalobaki kituoni.

Kliniki ijayo ni Jumanne. Naenda na daftari zote tatu pamoja na futi kamba ya fundi cherehani, na ile 160 itafutwa mbele yangu. Wenye wazazi Mtwara na Lindi, fungueni daftari zao leo, muone kwenye urefu pameandikwa nini, mlete hapa.