Msaada tutani wakuu: simu inang'ang'ania kujiapdeti na mimi sitaki

Parachichi_Kiwira

Wakuu habari za jioni. Niko Kiwira huku Rungwe, nanunua parachichi kwa wakulima nakusanya napeleka kwa mnunuzi mkubwa. Simu yangu ni Android ya kawaida tu ina kama miaka mitatu, nimeweka app ya kurekodi kilo na nimeiunga na kile kiprinta kidogo cha bluetooth cha kutoa risiti, mkulima akishapima mzigo anaondoka na karatasi yake mkononi hakuna maneno mengi.

Sasa shemeji yangu ninayefanya naye kazi, simu zetu ni pacha, tulinunua siku moja duka moja. Yake wiki iliyopita ikajiapdeti usiku amelala. Asubuhi tupo kwenye mzani, mvua yetu ile ya Rungwe isiyoomba ruhusa imeshaanza, wamama wamepanga foleni na ndoo zao, app inafunguka vizuri kabisa ila printa haiioni. Tukahangaika weeee, mwisho akachukua daftari la shule la mtoto akaandika risiti kwa mkono mpaka saa nane mchana. Kuna mama akagoma kuondoka, anasema karatasi ya kalamu hata mjukuu wangu anaandika, nataka ile inayotoka kwenye mashine.

Yangu bado haijaapdeti lakini inanisumbua, kila nikishika simu kuna apdeti mpya GB 1.8, nabonyeza baadaye, baadaye, baadaye. Jana nimekuta imeshashusha asilimia 40 na mimi waifai sina, natumia bando tu! Naizuiaje hii kitu angalau mpaka msimu upite?

Fundi_wa_Kabwe

Kaka pole kwanza. Swali moja kabla ya yote, hiyo asilimia 40 ilishuka siku ambayo ulikuwa umejiunga kwenye hotspot ya mtu?

Parachichi_Kiwira

Ehee, ndiyo! Juzi bando liliniishia nikajiunga kwa shemeji nusu saa hivi nitume mahesabu.

Fundi_wa_Kabwe

Basi mchawi umeshamjua. Simu nyingine hotspot ya jirani na waifai ya hotelini ni kitu kimoja, ikiona tu alama ya waifai inasema hapa ni pa bure ngoja nishushe mzigo. Na shemeji naye muulize bando lake liliishaje siku hiyo, maana najua hajaelewa mpaka leo.

Fanya hivi. Ukiwa umejiunga kwenye hotspot yake ingia setingi za waifai, bonyeza jina la hiyo hotspot, tafuta sehemu imeandikwa "metered" iwashe. Hapo unaiambia simu huu mtandao unalipiwa, usishushe vitu vikubwa hovyo. Kila hotspot mpya unarudia, si kila simu inajitambulia yenyewe.

Halafu ingia setingi, sehemu ya software update, kuna kitufe cha kushusha yenyewe ikipata waifai, kizime. Hiki kinakaa tofauti kwa kila kampuni, kwenye Samsung utakiona hapohapo ndani ya software update, kwenye simu nyingine kimejificha kwenye kialama cha juu kulia chenye mfano wa gia au nukta tatu.

La mwisho ndo wengi hawalijui. Ingia About phone, tafuta Build number, igonge mara 7 mfululizo, itakwambia umekuwa developer, yaani mtengeneza programu (usiogope, hauongezewi mshahara). Rudi nyuma, ingia Developer options, shuka mpaka Automatic system updates, zima. Ukimaliza toka, vingine vyote mle ndani usiguse. Nimepokea simu hapa mezani mtu kaingia mle kabonyezabonyeza skrini ikabaki inawakawaka mistari kila akigusa.

bibi_wa_Soweto

Mwanangu wa Kabwe asante, mimi simu yangu ni ya Kiswahili nikawa natafuta hiyo Build number sioni, kumbe kwangu inaandika Nambari ya muundo. Nimeigonga saba. Imekubali.

mwl_Tukuyu

Naomba nipinge kidogo jamani. Mnamfundisha mtu kukwepa apdeti kana kwamba ni deni. Ndugu yangu wa Kiwira, apdeti ni za aina mbili na ni vizuri uangalie hiyo yako ni ipi. Kuna ile kubwa ya kukuhamisha toleo zima la Android, mfano kutoka 13 kwenda 14, hiyo ndo huwa inavuruga printa na app za zamani. Na kuna ndogo za usalama, zinaziba matundu ambayo wezi wanapita, na wewe kwenye hiyo simu nina hakika una laini ya kutuma na kupokea hela za wakulima. GB 1.8 inanukia kubwa, hiyo ahirisha sikukatazi. Ila ikija ya MB 200 au 300 imeandikwa security, pokea.

Na usikae milele. WhatsApp tarehe 1 Januari 2025 waliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, kuna watu waliamka imekataa na hawakuelewa kwa nini.

Kamwene_Mafinga

Kamwene wote. Mwalimu uko sahihi ila nawe usiwatetee sana hawa jamaa wa simu. Apple Desemba 2017 walikiri wenyewe kwamba apdeti zao zilikuwa zinapunguza spidi ya iPhone zenye betri iliyochoka, na Ufaransa wakapigwa faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaambia watu. Google nao Januari 2025 walisukuma apdeti kwenye simu yao ya Pixel 4a ikapunguza uwezo wa betri, mwenye simu hakuombwa hata ruhusa. Kwa hiyo mtu akisema sitaki, ana sababu.

Mimi ni wa iPhone, kwa wenzangu: Settings, General, Software Update, Automatic Updates, zima. Ikiwa imeshashuka, nenda General halafu iPhone Storage, itafute kwenye orodha ya app imeandikwa iOS na namba, ifute. Ukijiunga waifai bila kuzima ile ya kwanza itarudi tena kama kunguni.

Parachichi_Kiwira

Mwalimu nimeangalia, kweli ni ile kubwa, imeandika Android na namba mpya. Nimezima vyote alivyosema fundi. Swali, hiyo asilimia 40 iliyoshuka inakaa wapi? Na nikizima simu nikawasha haitajimalizia yenyewe?

Fundi_wa_Kabwe

Swali zuri sana hilo kaka. Ikiwa 40 bado haijawa kitu, ni gunia halijajaa. Kama kwenye ukurasa wa apdeti kuna kitufe cha kusitisha au kufuta, bonyeza.

Hatari ni ikifika mwisho. Simu nyingi za kuanzia Android 7 na kuendelea zina vyumba viwili ndani, wewe unatumia chumba kimoja huku yenyewe inapanga vyombo kwenye kile kingine kimyakimya, ikimaliza inakuandikia restart. Ukishaona neno hilo ujue kila kitu kimeshakaa, inasubiri tu uizime. Hapo hata chaji ikikata, ukija kuwasha unaamkia chumba kipya, yaani toleo jipya. Nahisi ndo kilichompata shemeji, hakubonyeza kitu, simu ilizima chaji.

Dogo_Makambako

Si arudishe tu ya shemeji toleo la zamani? Kuna jamaa mjini wanaflashi nusu saa.

Fundi_wa_Kabwe

Dogo tulia. Kuflashi, yaani kuipakia simu mfumo upya, kunafuta kila kitu, mahesabu yote ya kilo yanaondoka. Na simu nyingi za sasa zina kufuli la kukataa kurudi nyuma, ukilazimisha inaweza isiwake tena, nina mbili hapa kwenye droo zimekuwa kioo cha kujitazamia. iPhone ndo kabisa, Apple wakishaacha kusaini, yaani kuidhinisha, toleo la zamani haurudi nyuma hata ulie.

Shemeji kabla ya yote hayo aende kwenye bluetooth, printa aifute kabisa kwenye orodha, aizime printa aiwashe, aunge upya, PIN za hivyo viprinta mara nyingi ni 0000 au 1234. Kisha aingie kwenye setingi za ile app, upande wa ruhusa, aangalie kama imeruhusiwa kuona vifaa vya karibu na mahali. Apdeti kubwa zikija watu wengi wanakwama hapo.

mwl_Tukuyu

Na amtafute aliyetengeneza hiyo app, amwambie printa haionekani kwenye toleo jipya. Inawezekana alishairekebisha siku nyingi ila nyie mmezima apdeti za Play Store 😄

Parachichi_Kiwira

Narudi na majibu wakuu. Shemeji amefuta printa akaunga upya kwa 0000, bado. Tukaingia kwenye ruhusa, ile ya vifaa vya karibu ilikuwa imekataliwa, tumeiwasha, printa ikalia tii ikatema karatasi nusu mita yenye risiti zote za majaribio ya wiki nzima, watoto wameikimbiza hadi barabarani.

Yangu bado nimeiacha hivyohivyo, sitaki kujaribu bahati wakati mzigo uko njiani. Nimeweka alama kwenye kalenda ya ukutani, msimu ukitulia naapdeti Jumapili nikiwa nyumbani, umeme upo. Na yule mama wa mjukuu leo kapewa risiti yake ya mashine, kaikunja kaitia kwenye fundo la kanga.

Ndaga fijo, asanteni sana wote.