Nimefundishwa KUOTEA (offside) kwa chipsi za mahindi. Mimi. Mtoto wa Temeke.

Beki Mstaafu

Wakuu, nimetoka uwanjani sasa hivi huku Marekani, hata viatu sijavua. Mke ananiuliza matokeo, namwambia subiri kwanza nina uzi wa kufungua.

Ni yule jamaa. Yule wa kipaza sauti, anayesimama kwenye kijukwaa nyuma ya goli akaupa uwanja mgongo dakika zote 90. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Aliyewahi kukaa upande ule hata mara moja anamjua: skafu ya sufi shingoni, mwezi wa saba, lami nje inanata kama ubuyu, yeye na sufi yake.

LEO HUYO MTU KANIELEZA MIMI MAANA YA KUOTEA.

Ilikuwa hivi. Dakika ya thelathini na kitu, winga wao anapigiwa pasi akiwa kaotea kiasi kwamba angeweza kumsalimia kipa wetu na kumuulizia watoto. Mshika kibendera kimya, kama kalipwa. Nikasimama, mkono juu, "KAOTEAAA!" Kwa Kiswahili, maana hasira zangu hazijawahi kujifunza Kiingereza. Jukwaa zima likageuka kuniangalia kama mtu aliyecheka msibani. Kumbe ulikuwa muda wa wimbo. Wakuu, hawa watu wana ratiba. Kuna wimbo wa kufungulia, kuna wa kona, na maneno unapewa kwenye karatasi mlangoni kama unaingia misa. Refa anakuibia mchana kweupe, wewe unatakiwa ubeti wa pili.

Basi, mapumziko. Jamaa kashuka kwenye kijukwaa chake, kaja mpaka kwenye kiti changu, akachuchumaa. Nasema AKACHUCHUMAA, vile mwalimu wa chekechea anavyochuchumaa mbele ya mtoto aliyejikojolea. Akavuta trei yangu ya chipsi za mahindi, yangu mimi, dola 14, akaanza kupanga. Chipsi hii beki. Chipsi hii straika. Kikombe cha jibini kipa. Kipande cha pilipili ndiyo mpira. Halafu kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa: "Usijali rafiki, hata mimi ilinichukua misimu miwili kuelewa."

MISIMU MIWILI.

Na kaikosea! Anasema straika asimpite beki wa mwisho, basi. Kipa hakumhesabu, kikombe kizima cha jibini kimekaa pale kinamtazama. Ni mpinzani wa pili kutoka mwisho, mkuu. Hilo tulikuwa tunalijua Tandika tukicheza peku na magoli ya matofali. Nimekuwa beki wa mchangani miaka 9, bega langu la kulia liko juu kuliko la kushoto kwa kumwinulia refa mkono, waulizeni mafundi cherehani wa kule, kila shati langu lilikuwa linarekebishwa.

Tena anayenifundisha ni nani? Ligi yao ile ya zamani, ya akina Pelé na New York Cosmos, walijichorea mstari wao wenyewe wa kuotea, yadi 35 kutoka golini, mpaka FIFA wakawaambia futeni. Hii ya sasa, MLS, nayo ilipoanza 1996 saa ya uwanjani ilikuwa inahesabu kurudi nyuma kama bomu. Sare hawataki, kwa hiyo mchezaji anaanzia yadi 35 na mpira wake, anamfuata kipa, ana sekunde tano. Waliendelea hivyo mpaka 1999! Halafu leo wamenipangia chipsi.

Nipeni pole nilale.

Tandale Asilia

Swali moja tu mkuu. Zile chipsi ulizila?

Beki Mstaafu

Hilo si suala la msingi.

Tandale Asilia

Kazila 😂😂😂

Jiwe la Pembeni

Kamla straika akamalizia na kipa. Uzi ufungwe.

Beki Mstaafu

Dola 14 ningeziacha? Nilikula kwa uchungu. Alichuchumaa jamani, hamuelewi, goti lake liligusa goti langu.

Gor Damu Damu

Pole bana lakini wewe angalau uliingia mapema. Mimi huku kwetu walinirudisha kwa geti juu ya begi. Eti lazima ikuwe ya plastiki ile inaonyesha ndani, kama mfuko wa mkate. Nikatembea mpaka kwa gari, hio parking iko karibu na mpaka wa Mexico, kurudi tuko chini mbili bila. Na mtu amekaa kwa kiti yangu anakula popcorn, ananiuliza hawa wa njano ni sisi?

Dada wa Minneapolis

Yule mwenye ndevu ndefu? Namjua huyo! Ana kiburi hatari.

Beki Mstaafu

Hana ndevu.

Dada wa Minneapolis

Basi siyo huyo. Wa kwetu ana ndevu na ngoma. Ila ni walewale.

Mzee wa Takwimu

Wakuu tusiwe wepesi wa kudharau. Utamaduni wa ushangiliaji Marekani ni mchanga lakini una mizizi yake. Philadelphia kuna kundi linaitwa Sons of Ben, lilianzishwa 2007 wakati jiji halina hata timu. Philadelphia Union ikaja kucheza 2010. Katikati hapo walikuwa wanakwenda kwenye mechi za New York kuwazomea wenyeji: tuna vikombe sawa na nyie, na sisi hata timu hatuna. Huo ni utani wa jadi, si wa kufundishwa. Portland kila wakifunga goli mtu anawasha msumeno wa mashine jukwaani, anakata kipande cha gogo, na baada ya mechi mfungaji anakabidhiwa kipande chake. Columbus, mwenye timu alitaka kuihamishia Austin, ilikuwa 2017. Mashabiki wakaandamana, wakachangisha, wakakusanya ahadi za watu kununua tiketi za msimu, na timu ikabaki. Mwaka 2021 klabu ikataka kubadilisha jina, mashabiki wakapiga kelele, uamuzi ukafutwa ndani ya siku chache. Niambieni ni wapi kwetu shabiki amewahi kurudisha jina la klabu. Atlanta nao, fainali ya 2018, watu 73,019 uwanjani, timu ina misimu miwili tu tangu izaliwe…

Jiwe la Pembeni

Mkuu watu wako msibani wewe unagawa gazeti.

Tandale Asilia

Misimu miwili imetajwa tena. Beki Mstaafu uko salama?

Beki Mstaafu

Ndo nilikuwa naanza kusahau.

Mwananchi Halisi

Mleta uzi lazima ni wa upande wa pili. Sisi Yanga wa Jangwani huwezi kutuchuchumalia.

Msimbazi Born

Nyie mnafundishwa kuotea kila dabi na hamuelewi. Angewapangia hata gunia la chipsi.

Mwananchi Halisi

Nani kamwita huyu kolo wa Simba?

Msimbazi Born

Nimefuata harufu ya utopolo.

Beki Mstaafu

Naomba mpelekane jukwaa la michezo. Hapa kuna mtu kadhalilishwa.

Mtu wa Lubumbashi

Ndugu, ulimuambia kama Mazembe ya kwetu ilicheza finali ya dunia ya ma-club 2010? Tulimutosha Internacional ya Brazil. Kipa wetu Kidiaba alirukaruka na matako mbele ya dunia yote. Ule mutu wa skafu, 2010 alikuwa anaangalia nini?

Jiwe la Pembeni

Baseball.

Beki Mstaafu

Asante Lubumbashi, wewe ndiye pekee unayenisikia. Sikumwambia kitu. Nilitikisa kichwa kama naelewa. Nikasema "thank you". Hiyo ndiyo inaniuma zaidi wakuu, niliSHUKURU. Alivyoinuka akanipigapiga begani, bega lilelile la kulia.

Tandale Asilia

Aliligusa bega la kazi 😭

Kilomita Elfu

Nyie mnalilia chipsi. Mimi Mei 2024 nimeendesha gari kutoka Seattle mpaka Vancouver kwenda kumwangalia Messi, tiketi bei ya mbuzi wawili, nafika mpakani naambiwa Messi hajasafiri. Suárez hayupo. Busquets hayupo. Uwanjani tuko zaidi ya elfu 50, na pole yetu ikawa vyakula kuuzwa nusu bei. Nimeangalia mpira nimeshika soseji mbili, moja mkono huu moja mkono huu, nikawaza maisha yangu.

Gor Damu Damu

Hio sasa ndio uchungu.

Dada wa Minneapolis

Kweli hii imezidi ya chipsi.

Beki Mstaafu

Imezidi vipi? Messi alikuchuchumalia?

Kilomita Elfu

Messi hakuwepo mkuu, ndiyo hoja.

Mzee wa Takwimu

Kuhusu Messi, tangu atue Miami Julai 2023 mashabiki wamegawanyika. Wapo wa timu na wapo wa jezi ya pinki ya Miami. Utamkuta mtu kavaa jezi ya pinki kwenye jukwaa la wenyeji, Messi akifunga anashangilia, wenyeji wakifunga anashangilia pia. Kuna jukwaa moja niliwahi…

Jiwe la Pembeni

Toleo la pili hilo limetoka.

Shemeji wa Utah

Mnaacha jambo kubwa. Mtu anaita timu yake Real, yaani ya kifalme, na mfalme hawana. Real Salt Lake. Mfalme gani yuko Utah? Na Kansas City nao ni Sporting, na Miami ni Inter. Watu wamepita sokoni wamechukua majina ya Ulaya kama mitumba.

Gor Damu Damu

Na hakuna kushuka daraja! Timu inashika mkia, mwaka ujao iko palepale na jezi mpya. Tena wa mkiani ndio wanatangulia kuchagua vijana wa vyuo. Mwaka 2025 wamefika timu 30 na hakuna hata moja inaogopa. Kama hakuna mtu analia siku ya mwisho ya ligi, hio ni ligi ama ni harusi?

Mwananchi Halisi

Hapo nakazia. Mpira bila presha ni mazoezi.

Msimbazi Born

Leo nimekubaliana na utopolo, naenda kupima joto.

Fundi Baridi

Samahani, nimesoma huu uzi mwanzo mwisho. Huyo jamaa wa skafu kama ndiye ninayemfikiria, tunafanya kazi pamoja. Ni mtu mwema sana. Januari gari langu limekwama kwenye theluji, kaja na koleo lake saa kumi na moja alfajiri. Anaupenda mpira kwa moyo wote, kila safari ya timu ni yeye anapanga basi. Na lile skafu kaliachiwa na baba yake.

Beki Mstaafu

Hivyo ndivyo wanavyoanza. Leo koleo, kesho chipsi.

Fundi Baridi

Kaniambia kuna Mwafrika mmoja alikuwa analia jukwaani hajui kinachoendelea, akamsaidia. Alikuwa na furaha sana. Anasema tuwakaribishe wageni kwenye mpira.

Tandale Asilia

TUWAKARIBISHE WAGENI KWENYE MPIRA 💀

Jiwe la Pembeni

Mods badilisheni kichwa cha uzi.

Beki Mstaafu

Sikuwa nalia! Nilikuwa natoa wito! Mwambie huyo mtu kipa anahesabiwa! Kikombe cha jibini KINAHESABIWA!

Fundi Baridi

Nitamfikishia Jumatatu.

Mama Jikoni Ughaibuni

Wanangu, nimepita tu. Hivi mnajua watu hawa wanafika uwanjani masaa matatu kabla ya mechi, wanafungua mlango wa nyuma wa gari, wanawasha jiko pale pale kwenye parking na kuanza kuchoma? Soseji tu na mikate, hakuna hata chumvi ya maana. Mimi na shangazi yenu tumeanza kwenda na mishkaki. Mechi iliyopita vijiti 120 viliisha kabla timu hazijaingia kupasha. Wazungu wanapanga foleni na skafu zao, wanauliza hii ni nini, nawaambia kula kwanza.

Dada wa Minneapolis

Mama uko jimbo gani??

Mama Jikoni Ughaibuni

Ohio mwanangu. Ila shangazi yenu yuko huko kwenu, na ndugu wa kwetu wako kila mji wenye uwanja.

Gor Damu Damu

Mama unaweka papai kwa nyama ama ndimu peke yake?

Mama Jikoni Ughaibuni

Papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu, inalala usiku mzima. Ndimu mwishoni. Ukiweka ndimu mapema nyama inakuwa kama imetafunwa tayari.

Shemeji wa Utah

Papai ni la wavivu. Maziwa mgando.

Mwananchi Halisi

Maziwa mgando kwenye mshkaki? Wewe umetokea wapi?

Msimbazi Born

Tanga wanaweka.

Mwananchi Halisi

Tanga hawaweki, usiwasingizie watu.

Kilomita Elfu

Mama, na achari ipo? Mimi niko tayari kuendesha gari tena, mradi nyama zisiwe kama Messi.

Mama Jikoni Ughaibuni

Achari ya embe ipo, na kachumbari. Vitatu dola 10. Anayetaka Jumamosi aniambie leo, nyama nanunua Alhamisi.

Gor Damu Damu

Sita. Pilipili kando.

Dada wa Minneapolis

Naomba namba ya shangazi inbox.

Beki Mstaafu

Mama, Jumamosi na sisi tuko ugenini huko kwenu. Niwekee tisa. Ugali utakuwepo?

Mama Jikoni Ughaibuni

Ugali hapana, ni parking mwanangu. Chapati zipo.

Beki Mstaafu

Basi na chapati nne.