Peugeot 504 pikap: moshi mweusi, inakula petroli na inazima ikipata moto. Nisaidieni kabla sijanunua kabureta

NjoroMaziwa:
Wadau habari za jioni. Niko Njoro, nina pikap 504 ya mzee wangu, ile ya kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na pointi (vibati vinavyokata na kuunga umeme wa plagi). Ilikuwa Kisumu miaka yote, mwezi wa tatu akanipa nikaileta huku nibebe maziwa asubuhi kwenda Nakuru mjini. Ikiwa baridi inawaka poa kabisa, lakini dakika ishirini hivi zikipita inaanza kumisi, inakohoa, inatoa moshi mweusi hadi watu wa boda wanaziba pua, halafu inazima, nikingoja kama robo saa inawaka tena. Lita moja haifiki kilomita tano na harufu ya petroli iko hadi ndani. Fundi wa kwanza aliosha kabureta, wiki moja ikarudi palepale. Wa pili anasema kabureta imekufa ninunue ingine. Leo nimefungua plagi mwenyewe, zote nne nyeusi kama masizi ya koroboi, ukigusa kidole kinatoka cheusi. Jana ilinizimia njiani nikafika saa tatu, mwenye hoteli alikuwa ashachukua maziwa ya mtu mwingine. Hii ndiyo kazi yangu jameni.

SpanaKibuye:
Pole sana ndugu yangu. Usinunue kabureta bado. Masizi makavu yanaweza kuwa petroli imezidi, ama moto wa plagi (cheche) ni mdogo hauchomi yote inayoingia, na kwa macho hizo shida mbili zinafanana, ndio maana kila mtu anakimbilia kabureta. Nijibu haya: choki (kile kibati cha kupunguza hewa engine ikiwa baridi) inafunguka yote ama waya imekwama? Pampu ya petroli ni ileile iliyokuja na engine? Na ikizima, moto kwa plagi unakuwa rangi gani? Toa plagi moja, ichomeke kwa waya yake, iegemeze kwa chuma ya engine mbali na kabureta, mtu apige stata. Kama petroli imemwagika subiri ikauke kwanza, hiyo cheche itakuchomea gari.

Rift_Gari:
Mimi nasema ni mwinuko. Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru 1,850 na Njoro uko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi na jeti (vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta) ni zilezile za kule chini, lazima petroli izidi. Weka jeti kuu ndogo.

SpanaKibuye:
Hiyo ni kweli @Rift_Gari lakini mwinuko peke yake unakupunguzia nguvu kidogo na kuongeza ulaji kidogo, hauwezi kuleta masizi kama hayo na kuzima kabisa. Tutoe ugonjwa kwanza, jeti baadaye.

Nyar_Ahero:
Kaka tafadhali angalia oili kabla hujaiwasha tena. Datsun yangu ilikuwa na moshi kama huo, petroli ikawa inapita kwa silinda inashuka kwa oili, mimi naendesha tu. Nilikuja kujua wakati beringi zimeanza kulia, na engine hiyo sikuipata tena. Chomoa kijiti unuse.

NjoroMaziwa:
Dada asante sana, oili imepita alama ya juu na inanuka petroli waziwazi. Nimeipaki. Choki iko sawa. Pampu ni ya umeme, iko karibu na tangi inanguruma, pale kwa engine wameziba na kibati. Mzee anasema ile ya zamani ilichanika wakamwekea hii ya gari ya EFI (ile ya kupuliza petroli kwa presha, haina kabureta).

SpanaKibuye:
Ndiyo hiyo! Kabureta inataka presha ndogo, kama psi 3 hivi (psi ni kipimo cha presha), pampu ya EFI inasukuma 40 na zaidi. Nidli (kasindano kanakofunga petroli ikijaa) haiwezi kuzuia hiyo, petroli inapanda kwa bakuli la kabureta hadi inajimwagia kwa engine. Ikiwa baridi huoni shida sababu engine baridi inapenda petroli nyingi, ikipata moto ndio inakabwa. Lakini hiyo ya kuzima na kupona baada ya robo saa bado naishuku kondensa (inayolinda pointi zisichomeke) ama koili (inayoongeza nguvu ya umeme wa plagi). Usiache kuangalia moto.

NjoroMaziwa:
Mrejesho baada ya siku tisa. Nimerudisha pampu ya aina ya zamani, ya kufungwa kwa engine, oili mpya, nidli mpya (ile ya zamani ilikuwa na mtaro mzima kwenye ncha umezunguka kama pete). Ikawa inawaka vizuri lakini ikazima tena ikipata moto. Nikafanya vile ulisema, cheche ikawa ya njano, nyembamba, inakuja na kupotea. Pointi upande mmoja zina shimo, upande mwingine kichuguu. Nikabadilisha pointi na kondensa, nikapima nafasi na fila (kibati cha kupimia mwanya) milimita 0.4, cheche ikawa samawati na inasikika tap tap. Jana nimeenda Molo na kurudi bila kuzima, plagi ziko rangi ya chai ya maziwa. Kabureta ni ileile. Ila mlima ikiwa na mzigo bado ni nzito na kuna kamoshi kadogo.

Rift_Gari:
Sasa ndio tuongee jeti. Soma namba iliyopigwa kwa jeti kuu uniandikie hapa.

SpanaKibuye:
Na hizo pointi zipime tena baada ya kilomita mia tano, zikiwa mpya kisigino chake (pale panaposuguana na shafti) huwa kinalika haraka na nafasi inajifunga.