Tupeane uzoefu: machapisho na kurejelewa, kila fani na hesabu yake

Mwanahistoria, Bukavu
Ndugu watafiti wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, salamu kwenu. Tume iliyopitia faili langu la kupandishwa cheo iliniweka katika jedwali moja na wenzangu wa tiba na kilimo, ikatupanga sote kwa kipimo cha h. Kipimo hicho, ambacho mwanafizikia Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005, kinasema kwamba ukiwa na makala tano ambazo kila moja imerejelewa, yaani imetajwa katika kazi za watafiti wengine, mara tano au zaidi, na huna sita zilizofikia mara sita, h yako ni 5. Hirsch mwenyewe alieleza tangu mwanzo kuwa viwango hutofautiana kati ya fani na fani, jambo ambalo jedwali lile halikulitaja.

Mimi naandika historia ya Kivu kwa Kifaransa, na kazi yangu kubwa ni kitabu. Hifadhidata zinazohesabu marejeo, kama Scopus na Web of Science, zimejengwa hasa juu ya majarida, tena mengi ya Kiingereza, kwa hiyo kitabu changu kinaonekana humo kwa shida, na makala nilizotoa katika majarida ya hapa yanayochapwa kwa karatasi hazionekani kabisa. Wanafunzi wananirejelea katika tasnifu zao, lakini tasnifu hizo zimelala katika makabati ya maktaba. Naomba kila mmoja aeleze jinsi makala za fani yake zinavyorejelewa, na alivyojibu alipodaiwa namba.

Mtafiti wa volkano, Goma
Kwetu hali ni kinyume, wala sioni sababu ya kujivunia. Nyiragongo ikilipuka, kama ilivyokuwa Januari 2002 na Mei 2021, watafiti wa nchi nyingi huandika, na kila anayeandika hulazimika kurejelea vipimo vya awali vya mitetemeko na gesi. Makala yangu inayorejelewa kuliko zote ina orodha ndefu ya waandishi, na mimi nimo katikati. Kazi yangu ilikuwa kutunza vituo na kusoma rekodi zake, lakini hesabu ya h inanipa sifa ileile anayopewa aliyebuni utafiti. (Fizikia ya chembe imetupita mbali: mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS za CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, zilitoa makala moja yenye waandishi zaidi ya 5,000.) Nilipodaiwa namba, niliandika chini ya kila makala sentensi moja inayoeleza mchango wangu. Makala ninayoithamini zaidi inahusu mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni na kuua. Imerejelewa mara chache sana, lakini ndiyo ninayoibeba viongozi wa mtaa wanaponiita kuwaonyesha mahali ambapo watoto wasicheze.

Mwanahisabati, Lubumbashi
Kigezo cha athari cha jarida, yaani wastani wa marejeo ya makala zake, kilichotokana na kazi ya Eugene Garfield, kwa kawaida hutazama makala za miaka miwili iliyotangulia tu, na katika hisabati muda huo mara nyingi huisha kabla makala haijasomwa vizuri. Tena sisi hupanga waandishi kwa alfabeti. Mjumbe mmoja wa tume, daktari, ambaye katika fani yake jina la mwisho kwa kawaida ni la kiongozi wa maabara, aliona jina langu likiwa la mwisho kila mara akanipongeza kwa kuongoza maabara. Jina langu ni la Kilunda, linaanza na Y.

Mkutubi, Lubumbashi
Kabla ya kubishania fani, hakikisheni kwanza mashine inawatambua. Mtu mwenye jina, postnomu (jina linalofuata) na prenomu (jina la kwanza, mara nyingi la Kikristo) huandikwa kwa mpangilio tofauti katika kila jarida, na wapo wazee waliochapisha bila prenomu baada ya sera ya uhalisia ya Mobutu ya 1972, iliyokataza majina ya Kikristo, kisha wakairudisha baadaye. Hifadhidata huwaona kama watu wawili au watatu, na h inagawanyika. Namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti, ni bure, ina tarakimu 16, na inaunganisha majina hayo yote. Baada ya hapo ombeni kipimo kilichosawazishwa kwa fani, ambacho hugawanya idadi ya marejeo ya makala yako kwa wastani wa makala za fani hiyo, aina hiyo na mwaka huo. 1 maana yake uko kwenye wastani wa dunia.

Mwanahistoria, Bukavu
Asanteni. Kwa historia ya Kivu wastani huo nao unatokana na majarida yaleyale ya hifadhidata, kwa hiyo nitautaja kwa tahadhari. Katika rufaa yangu nimeambatanisha Azimio la San Francisco la 2012, linalopendekeza mtafiti asipimwe kwa kigezo cha athari cha jarida, na nimeomba tume isome kitabu chenyewe. Watu wa tiba bado hamjasema: kwenu nani huamua jina gani linakaa mwisho?