Mwalimu akichoka, mtoto anafundishwa nini?

MwlHisabati_Tabora
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Hisabati darasa la tatu, shule ya kijijini. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Kwangu wamezidi mno, wengine wanakaa sakafuni.

Asubuhi nahesabu nao vijiti, naita ubaoni hadi wa nyuma kabisa. Baada ya mapumziko kichwa kinagonga, na mtu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ameshapiga simu kudai. Andalio la somo ni lile lile, lakini najikuta nauliza wale wale wanaonyoosha mikono.

Na kwenye kutoa ndiko mtoto anakoumia. Wawili wameandika 52 − 17 = 45. Mmoja ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu 7 ni kubwa. Mwingine ameazima kumi vizuri, ila amesahau kwamba 5 imebaki 4. Jibu moja, matatizo mawili, na huwezi kuyajua bila kumkalisha mtoto akueleze. Nikiwa nimechoka, wote wanapata kosa jekundu na daftari linafungwa.

Wathibiti ubora, wakaguzi wa shule, wakija wanaomba azimio la kazi, yaani mpango wa masomo. Hali ya mwalimu haiulizwi. Mwenzangu wa mkondo B ni mpole, mimi mchangamfu. Je, kinachomgusa mtoto darasani ni tabia ya mwalimu au ni hali aliyonayo?

Mstaafu_Dodoma
Mwanangu, pole na kazi. Nilianza kufundisha enzi za UPE, elimu ya msingi kwa wote. Wapole wamefundisha, wachangamfu wamefundisha. Nilichoona kinaharibu darasa ni mwalimu aliyeamua kwamba fulani hawezi. Na uchovu ndio unaoleta uamuzi huo, kwa sababu kusema "hawezi" ni rahisi kuliko kumsikiliza. Hilo deni limalize kwanza.

Saikolojia_ya_Elimu
Mwaka 2016 Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl walichapisha utafiti wao wa Kanada. Walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya wanafunzi wa shule za msingi. Madarasa ambayo walimu walijieleza kuwa wamechoka zaidi na kazi, watoto walikuwa na kotisoli ya asubuhi iliyo juu zaidi. Haithibitishi nani anamchosha nani. Huenda darasa gumu ndilo linalomchosha mwalimu. Ila vinakwenda pamoja.

Taaluma_Iringa
Dada, omba Hisabati zote ziwekwe kabla ya mapumziko. Mchana weka michezo au stadi za kazi. Na usisahihishe madaftari yote kwa siku moja: chukua safu moja, kaa nayo.

MwlHisabati_Tabora
Asanteni sana. Ratiba nitaongea na mwalimu wa taaluma, na safu ya nyuma naanza nayo kesho. Shikamoo Mzee, umenigusa. Kuhusu deni: kuna aliyehamishia la kwake kwenye SACCOS ya walimu, chama cha akiba na mikopo? Makato yakoje, na mshahara unabaki kiasi gani?