Dar hadi New York: apite Nairobi, Doha au Istanbul?

Mtoto_wa_Temeke: Wakuu, heshima zenu. Namsafirisha bi mkubwa kutoka Dar kwenda JFK, New York, akamwone mjukuu. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Ukinyoosha mstari kwenye ramani ni kama kilomita 12,400, ila ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hakuna. Nimebakiwa na Nairobi, Doha na Istanbul. Ipi itamchosha kidogo?

Kahawa_Chungu: Nairobi tu, mkuu. Dar–Nairobi ni saa moja na nusu hivi, kisha Kenya Airways wanakwenda JFK bila kutua popote, tangu Oktoba 2018. Kilomita 11,800 na ushee, saa 15 kwenda, 14 kurudi. Jumla kupitia Nairobi ni kama 12,500. Istanbul 13,500, Doha 14,600.

BintiPwani: Saa 15 kwenye kiti kimoja na magoti hayo? Thubutu! Mama yangu mdogo alishuka JFK miguu imevimba, viatu haviingii, akaenda kwa watu wa uhamiaji na kandambili. Mimi nasema Istanbul: saa 7 hivi, ananyoosha miguu, halafu 11 hivi. Doha haimsaidii. Akishafika, bado kuna kama saa 14 mbele yake.

dogo_janja: Kwani kurudi kunawahi kwa nini, na njia ni ileile?

Kahawa_Chungu: Upepo wa huko juu, dogo. Unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda unapambana nao, kurudi unakusukuma.

BintiPwani, hoja yako nzito, ila Istanbul uwanja ni mkubwa na wa kumuuliza kwa Kiswahili hampati. Nairobi hata mfagiaji atamwelekeza. Cha msingi tiketi iwe moja. Ukikata mbili mbali mbali, itabidi achukue mabegi Nairobi na kuyakabidhi upya. Na kiti cha magurudumu kiombwe mapema, si siku ya safari.

Shangazi_Tanga: Mwandikieni na saa kwa Kiswahili! Tiketi yangu ilisema 05:10, mimi nikafika uwanjani saa nne asubuhi na chupa yangu ya chai. Ndege imeondoka tangu alfajiri. Halafu saa ya kufika ni ya huko huko. New York wako nyuma yetu saa 8, majira yao ya joto saa 7. Ndiyo maana mtu anaondoka Nairobi usiku wa manane, anafika asubuhi, anadhani karuka saa saba tu.

Mtoto_wa_Temeke: Nimemuuliza mwenyewe. Kasema, "Nairobi, mwanangu, ila unitafutie kiti cha kando ya njia, niinuke bila kumpigia mtu hodi." Tiketi nakata kesho. Zile soksi za kubana, za kuzuia miguu isivimbe, zinapatikana wapi?

BintiPwani: Famasi kubwa yoyote. Mpeleke asubuhi wampime, mguu haujavimba bado.